Kalibu na Mwenye Kalibu

Mtu apitaye Thika kwa macho ya kuzingatia, akaanzia upande wa viwanda hata akafika masokoni Makongeni, hatakawia kutambua kwamba aghalabu ya vitu vinavyomzunguka, tangu kizibo cha chupa ya mafuta ya kupikia hadi sufuria ya alumini, tangu ndoo ya plastiki hadi tofali la saruji lililopangwa uani, havikuchongwa wala havikufumwa, bali vilimiminwa au vikakandamizwa ndani ya umbo lililotangulia kuwapo. Na kwamba umbo hilo, ambalo mnunuzi halioni kamwe, ndilo lililokata shauri juu ya unene wa kitu, upana wake, uzuri wake na umri wake. Umbo hilo ndilo kalibu. Muradi wa tafakari hii ni kuiangalia kalibu kama mali, ambayo mwenye kuimiliki humiliki pia kila kitokacho ndani yake. Na mfano nitakaoutumia ni mdogo mno, nao ni kipande cha mpira wa silikoni ambacho fundi wa kawaida aweza kukisubu kwa mkono wake mwenyewe, bila tanuri, bila mtambo, na bila ruhusa ya mtu.

Thika si mji mgeni kwa mambo ya viwanda. Reli iliyotoka Nairobi iliufikia mwaka 1913, na karibu na mji yakastawi mashamba ya mkonge, ya kahawa na ya mananasi, kisha vikaja viwanda vya nguo, vya makopo, vya mafuta na vya ngozi, hata mwaka 1974 ikaanzishwa kampuni ya Leyland Kenya kwa ajili ya kuunganisha malori na mabasi, ambayo siku hizi yaitwa Kenya Vehicle Manufacturers. Ruiru, jirani yake wa upande wa Nairobi, ulikuwa mji mdogo uliozungukwa na kahawa. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliukuta una wakazi zaidi ya 490,000, karibu maradufu ya Thika yenyewe iliyokuwa na 250,000 na ziada. Barabara kuu ya Thika, yenye urefu wa takriban kilomita 50, iliyofunguliwa rasmi mwaka 2012, imeifanya miji hiyo miwili, pamoja na Juja iliyo kati yao, kuwa kama mtaa mmoja mrefu ambamo magereji, maduka ya vifaa vya ujenzi, viwanja vya kusubu kabro na karakana za jua kali zimefuatana bila kuachana.

Walakini katika historia hiyo yote limo jambo ambalo halisemwi sana. Kuunganisha gari maana yake ni kupokea sehemu zilizokwisha kutengenezwa kwingine, zikaja ndani ya makasha, zikafungwa pamoja kwa ustadi na kwa utaratibu. Kazi hiyo ni ya heshima, nayo imelisha nyumba nyingi na kusomesha watoto wengi, lakini kalibu zilizozaa sehemu hizo zilibaki kwao. Na maadamu kalibu iko mbali, mtu wa hapa huwa hana neno juu ya umbo la kitu anachokitumia, wala hana hila kitu hicho kikimharibikia. Mkulima wa Gatuanyaga, ambaye pampu yake ya maji imeacha kuvuta katikati ya kiangazi, aghalabu hukuta kwamba mota ni nzima na mwili wa chuma ni mzima, ila pete moja ya mpira, isiyozidi upana wa kidole, imepasuka. Akaenda dukani akaambiwa kwamba pete hiyo haiuzwi peke yake, sharti anunue pampu nyingine. Hapo kilichokosekana si mali wala maarifa ya pampu: kimekosekana kipande kidogo ambacho umbo lake li mikononi mwa mtu asiyemjua, katika nchi asiyopata kuiona.

Mafundi wetu hawakukaa kuikubali hali hiyo kama kudura isiyopingika. Tangu zamani wamekata mabushi na washa kutoka katika matairi makuukuu, kwa kisu kilichonolewa juu ya jiwe na kuloweshwa maji ili kipite ndani ya mpira bila kunata, kama vile walivyokata ndara za akala zilizotembea nchi nzima. Lakini kukata ni kupunguza, na kisu hakifiki kila mahali. Pete yenye mfuo kwa ndani na mdomo kwa nje haitoki kwenye tairi ila kwa taabu, na ya pili haifanani na ya kwanza. Kusubu ni njia nyingine kabisa, kwa kuwa hapo fundi huandaa utupu wenye umbo kamili la kitu, akautia maada iliyo laini, akangoja igeuke kuwa kitu chenyewe. Na maada ambayo zama hizi imeifanya njia hiyo kuwa wazi hata kwa mtu mwenye meza moja ni silikoni.

Ajabu ya silikoni ni kwamba asili yake ni mchanga, huu huu uletwao kwa malori kutoka Ukambani na kumwagwa kando ya barabara kwa ajili ya majumba ya Ruiru. Mpira wa kawaida una uti wa kaboni, nao jua na hewa huula polepole, ukakakamaa, ukafanya nyufa. Uti wa silikoni ni elementi ya mchanga na oksijeni zikipokezana, na kifungo kilicho baina yao kina nguvu kuliko kile cha kaboni kwa kaboni, ndiyo maana silikoni hustahimili baridi ya chini ya nyuzi sifuri na joto la nyuzi 200 pasipo kugeuka tabia, na mwanga wa jua hauiumizi. Mwanakemia Mwingereza Frederic Kipping alizisoma maada hizi kwa miaka mingi huko Nottingham tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na yeye mwenyewe hakuzitumainia kuwa na manufaa makubwa. Akaja Eugene Rochow wa Marekani, ambaye mwaka 1940 aligundua njia ya kuzipata kwa wingi kwa kupitisha gesi ya methili kloridi juu ya unga wa ile elementi uliochanganywa na shaba na kupashwa moto. Na mwaka 1969, wanadamu wa kwanza walipokanyaga mwezi, nyayo za viatu vyao vya nje zilikuwa za silikoni. Maada iliyofika huko sasa yauzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi, ndani ya mkebe mrefu, kwa mafundi wa vioo wanaoziba madirisha.

Katika karakana moja ya Makongeni, banda la mabati lenye meza na dirisha, nilimtazama fundi wa pampu na mashine za kusaga akiifanya kazi hii tangu mwanzo hadi mwisho, na jambo la kwanza lililonistaajabisha ni kwamba hakuanza na silikoni. Alianza na ile pete iliyoharibika. Aliiosha, akaipima kwa kalipa, akaupima na mfuo wa pampu inamokaa, akaona kwamba pete imelika upande mmoja. Naye hakukubali kuinakili kama ilivyo, bali alichukua nta ya mshumaa akaijaza mahali palipolika, akaichonga kwa wembe, akaipima tena, akaichonga tena, hata umbo likarudi kama lilivyotoka kiwandani. Mwanafunzi wake, kijana wa kutoka Kiganjo, alimwuliza sababu ya kujitaabisha hivyo kwa kitu kilichokwisha kufa, naye akamjibu bila kuinua uso, "Kijana, ukisubu kilicholika utapata kilicholika, tofauti ni kwamba kitakuwa kipya."

Kisha aliizamisha pete ile nusu katika udongo wa mfinyanzi uliolainishwa, akauzungushia ukuta wa vipande vya mbao, na juu ya udongo, pembeni mwa pete, akabonyeza kwa ncha ya kijiti vishimo vitatu, ili nusu mbili za kalibu zipate kujua mahali pa kukutania zisiteleze. Akapaka vaselini, akamimina plasta. Plasta ilipokaza aligeuza, akautoa udongo wote, akapaka vaselini tena kwa uangalifu uliokaribia kuwa ibada, kwa sababu plasta mpya isiyotenganishwa na vaselini hushikana na plasta ya kwanza zikawa jiwe moja, na kazi yote ikapotea. Akamimina nusu ya pili. Zilipofunguliwa na pete ikatolewa, uliobaki kati yake ni utupu. Hapo alichimba vijia vyembamba viwili mahali palipo juu kabisa, pa kutokea hewa na silikoni iliyozidi, akaziacha nusu zile juani zikauke sawasawa, kisha akazipaka vanishi ili plasta isinywe wala isinate.

Siku ya kusubu alifungua mlango na dirisha, akavaa glavu, kwa kuwa silikoni ya madirisha hutoa asidi ya siki wakati wa kukaza, na harufu yake katika banda lililofungwa huumiza kifua na macho. Silikoni hiyo hukaza kwa unyevu wa hewani, kuanzia nje kwenda ndani, milimita mbili au tatu kwa siku. Hivyo kipande kinene huweza kuwa na ngozi ngumu huku moyo wake ukiwa bado uji. Dawa yake ni sahili: huchanganywa na unga wa wanga wa mahindi, ambao jikoni waitwa konfulawa, na kwa kuwa wanga umebeba unyevu wake, huupeleka unyevu huo unaokaza hadi katikati, na kazi iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya saa chache. Fundi alitia na tone la rangi nyekundu, si kwa urembo, bali ili mistari ya rangi imwonyeshe mahali ambapo mchanganyiko haujalingana, akakanda hata pasionekane mstari.

"Mwalimu," aliniambia, "hii kitu haitaki mtu wa haraka, lakini mtu wa kuchelewa nayo haimtaki." Nami nilielewa maana yake nilipoona jinsi alivyopaka kwanza utando mwembamba kwa brashi katika kila pembe ya kalibu, akiufukuza upepo uliojificha, kisha akajaza nusu moja, akalaza juu yake ukanda wa wavu wa chandarua kuukuu uliokatwa kwa kipimo cha pete, akajaza nusu ya pili, akazikutanisha, akaona silikoni nyekundu ikichungulia katika vile vijia viwili, akazifunga kwa mishipi ya tyubu iliyovutwa kwa nguvu sawa pande zote. Yote hayo sharti yamalizike kabla mchanganyiko haujaanza kukataa. Baada ya hapo hakuna la kufanya ila kungoja; na wengi, kwa tamaa ya kuona, hufungua mapema, wakapasua kipande ambacho kingengoja hadi asubuhi kingedumu miaka. Subira yavuta heri, wahenga walisema, na hapa subira ni sehemu ya kemia.

Ziko silikoni nyingine, zile zinazouzwa kwa makopo mawili, nazo ndizo bora kwa atakaye kipande cha kudumu hasa. Lakini kila moja ina masharti yake, na atakayeyadharau ataadhibiwa. Zile zikazwazo kwa bati hutoa alkoholi kidogo wakati wa kukaza, kwa hiyo kipande husinyaa baada ya kutoka. Zile zikazwazo kwa platini hazisinyai kwa kiasi cha kuonekana, ila zikigusana na salfa, iliyomo katika baadhi ya udongo wa kuchezea, katika mpira wa tairi na katika glavu za mpira wa mti, hukataa kukaza kabisa, zikabaki nta ya kunata isiyofaa kitu. Vipimo vyake ni vya mizani, wala si vya macho. Fundi aliyezoea kukadiria saruji kwa koleo hulazimika hapa kununua mizani ndogo, na kununua huko ni mwanzo wa elimu nyingine.

Mintarafu ya kudumu, ambako ndiko kiini cha shauri langu, naona kwamba watu hukutafuta mahali pasipo pake. Huuliza, silikoni hii yadumu miaka mingapi? kana kwamba umri umefungwa ndani ya mkebe. Lakini pete ile ya Makongeni ilidumu au haikudumu kwa mambo yaliyotendwa kabla mkebe haujafunguliwa: kwa nta iliyorudisha kipimo, kwa vijia vya hewa vilivyochimbwa mahali pake, kwa wavu uliolazwa katikati, kwa maana silikoni hunyumbuka vizuri lakini ikishapata mkwaruzo hupasuka upesi, na nyuzi huuzuia ufa usitembee. Wanga ukizidi, kipande huwa chepesi kukatika na hunywa maji. Ukipungua, moyo haukazi. Kadhalika kudumu kuna mipaka ambayo mtu wa insafu sharti aitaje. Silikoni hufura ikikaa ndani ya petroli, basi haifai kwa njia za mafuta ya gari. Ile ya siki hula shaba na chuma, basi haimiminwi juu ya nyaya za umeme zilizo wazi. Ya madirisha haikutengenezwa kwa ajili ya chakula, na sufuria ya mvuke au breki ya gari si mahali pa kujaribia kazi ya nyumbani, kwani hapo kasoro hulipwa kwa mwili wa mtu. Inapofaa ni pengi: pete za pampu za maji baridi, miguu ya cherehani na ya mashine za kusaga, vizibo vya vumbi, vishikio vya vyombo vya kazi, na kalibu zenyewe za kusubia mapambo ya jasi kwa ajili ya dari za nyumba mpya.

Lipo fundisho jingine ambalo halihitaji kutafutwa mbali. Pale Ruiru, katika kituo cha utafiti wa kahawa, watafiti walifanya kazi ya miaka mingi baada ya ugonjwa wa chule kuiangamiza kahawa ya Kenya katika miaka ya 1960, na mwaka 1985 wakaitoa aina iitwayo Ruiru 11, yenye kuustahimili ugonjwa huo na kutu ya majani. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono, mama aliyechaguliwa kwa baba aliyechaguliwa. Na mkulima akichukua mbegu za shambani mwake akazipanda, miche itakayoota haitafanana na mama yao, hivyo sharti kila mara arudi kwenye asili. Kalibu nayo ina sheria iliyo karibu na hiyo. Ukisubu pete, kisha ukaifanya pete hiyo kuwa kielelezo cha kalibu nyingine, na itokayo humo ukaifanya kielelezo cha nyingine tena, ule usinyaaji mdogo usioonekana hujumlika kizazi hata kizazi, hata ikafika pete isiyokaa katika mfuo wake, na hakuna awezaye kusema ni lini ilipoharibika. Kwa ajili hiyo fundi mwenye hikima huiweka asili katika kisanduku, haitii kazini, wala haiazimi, na kalibu ikichakaa huirudia hiyo.

Nikilinganisha na sanaa ya mababu, naiona siwa ya shaba ya Lamu, yaani baragumu la enzi, iliyomo katika makumbusho ya mji huo, ambayo ilisubiwa kwa njia ya nta: fundi aliifinyanga nta kwa umbo na nakshi alizozitaka, akaizungushia udongo, akaitia moto hata nta ikayeyuka na kutoka, akamimina shaba mahali ilipokuwa, kisha akauvunja udongo. Kalibu ya namna hiyo hufa katika kuzaa. Ilifaa hivyo, kwa kuwa siwa ilikuwa alama ya enzi, na enzi haitaki pacha. Lakini pampu ya mkulima haina haja ya upweke huo; yahitaji pete leo, na nyingine mfano wake mwaka ujao, na nyingine kwa jirani, na kwa hiyo adhama ya fundi wa leo imo katika kuihifadhi kalibu yake, kuiandika vipimo mgongoni, na kuipanga juu ya rafu ambapo mwanafunzi ataikuta.

Nchi yetu imewahi kuonja tofauti iliyopo baina ya kutengeneza kimoja na kuweza kutengeneza kingi. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 yakaonyeshwa magari matano ya Nyayo, yakatembea, watu wakashangilia. Lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana, na magari yale hayakufika sokoni. Siwalaumu walioyaunda, kwani walithibitisha kwamba akili ipo. Ila gari lililoundwa moja moja ni ithibati ya ustadi tu. Kitu huwa mali ya watu siku ile ambapo kalibu zake zipo, zinafahamika, na zinaweza kurudiwa na mtu ambaye hakuwapo kitu kilipobuniwa.

Kwa hiyo lile ninalolitaka si jambo kubwa la kungojea bajeti. Juja ina Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoanza mwaka 1981 kama chuo cha kati kwa msaada wa Japani, na Thika ina chuo cha ufundi cha siku nyingi. Baina ya vyuo hivyo na mabanda ya Makongeni ni mwendo wa matatu moja. Wanafunzi wapimao nguvu za maada katika maabara wangeweza kupima pete za jua kali, wakamwambia fundi kiasi cha wanga kisichodhoofisha, na unene wa wavu unaofaa. Naye fundi angeweza kuwafundisha yale ambayo mizani haionyeshi, kama mahali upepo unapojificha katika pembe ya kalibu. Karakana zinazotengeneza pampu za namna moja zingeweza kuwa na sanduku moja la asili, lenye daftari la vipimo, likitunzwa na mtu aliyekubaliwa na wote. Sijui gharama ndogo kuliko hiyo yenye faida kubwa kuliko hiyo.

Wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na umbo la kuazima halina tofauti, kwa kuwa mwenyewe aweza kulichukua wakati wowote, ama kwa kupandisha bei, ama kwa kuacha kulitengeneza. Pete ya pampu ni kitu kidogo, wala hakuna atakayejenga uchumi wa taifa juu yake peke yake. Lakini kijana aliyeirudisha pete iliyolika katika kipimo chake, akaitengenezea nusu mbili zinazokutana, akangoja ikaze, na kisha akaiona ikikaa katika mfuo na pampu ikivuta maji, hatauliza tena dukani kama kipande fulani chauzwa peke yake. Atauliza kipimo chake ni kipi. Swali hilo la pili ndilo tunalopaswa kuwarithisha watoto wa Thika na Ruiru, kwa sababu mtu aliyelizoea hawezi kuzuiwa tena na kasha lililofungwa, na kazi ya mikono yake haitangoja meli.